Maadili ya utafiti katika vyuo vya Morogoro

Maadili ya utafiti katika vyuo vya Morogoro ni kanuni na taratibu zinazoongoza namna walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu vya mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania, wanavyokusanya na kutumia taarifa na sampuli kutoka kwa watu, wanyama na mazingira. Lengo lake ni kumlinda anayechunguzwa asidhurike, asidanganywe wala asilazimishwe, na kuhakikisha kwamba matokeo yanayotangazwa ni ya kweli.

Morogoro ni kati ya maeneo ya Tanzania yanayofanyiwa utafiti mwingi. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro; kando ya mji kuna Chuo Kikuu Mzumbe. Juu ya mji inainuka Milima ya Uluguru, sehemu ya Tao la Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine duniani. Kusini-magharibi mwa mkoa, katika bonde la Kilombero, iko Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana hasa kwa utafiti wa malaria. Kwa sababu hiyo wakazi wa vijiji vingi wamezoea kutembelewa na watu wenye madodoso, chupa za sampuli na vifaa vya kupimia.

Historia

Chanzo cha kimataifa

Kanuni za kisasa zilianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari wa Ujerumani waliowatesa wafungwa kwa jina la sayansi walipohukumiwa. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilitamka kwamba mtu hafanyiwi jaribio bila ridhaa yake ya hiari. Zilifuatwa na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani.

Hata hivyo ukiukaji uliendelea. Huko Tuskegee, Marekani, wanaume Weusi wenye kaswende walifuatiliwa tangu mwaka 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli na bila kupewa penisilini, ingawa dawa hiyo ilikuwa imeshapatikana. Kashfa hiyo ilisababisha Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyotaja misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema na kutenda haki.

Uluguru wakati wa ukoloni

Katika Uluguru kumbukumbu ya wataalamu wasiosikiliza wenyeji ni ya zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi uliolenga kuzuia mmomonyoko wa udongo milimani. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi uchimbaji ulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo usiofaa kwa mazao. Waliokataa waliadhibiwa.

Mnamo Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, upande wa mashariki wa milima. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baadaye mpango uliachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke walichunguza chanzo cha mgogoro huo katika kitabu chao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, kilichotolewa mwaka 1960. Tukio hilo halikuwa utafiti wa chuo, lakini linaonyesha hatari ya ujuzi unaoletwa kwa amri: wakulima waliojua udongo wao hawakuulizwa.

Kumbukumbu nyingine ni ya mumiani. Zamani za ukoloni watu wengi wa Afrika Mashariki, pamoja na Waluguru, waliamini kwamba kuna watu wanaokamata wengine na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Mwanaanthropolojia Peter Pels ameandika juu ya uvumi huo katika Uluguru. Kwa mtafiti anayechukua damu, historia hiyo ina maana ya moja kwa moja: asipoeleza anachukua kiasi gani, kwa nini, na damu inakwenda wapi, hofu ya zamani hurudi.

Baada ya uhuru

Mwaka 1968 Tanzania iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kama UTAFITI. Nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Katika upande wa afya, sheria ya mwaka 1979 ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Vyuo vya Morogoro vilikua katika kipindi hichohicho. SUA ilianza kama chuo cha kilimo mwaka 1965, baadaye ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chuo kikuu kamili mwaka 1984. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001.

Misingi

Ridhaa ya hiari

Mshiriki anatakiwa kuelezwa kwa lugha anayoielewa utafiti unahusu nini, utachukua muda gani, una hatari gani na una faida gani. Ana haki ya kukataa, na aliyekubali ana haki ya kujitoa katikati bila kunyimwa huduma yoyote. Asiyejua kusoma husomewa fomu mbele ya shahidi, kisha huweka alama ya dole gumba. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto mwenyewe huulizwa pia kama anataka kushiriki.

Katika Uluguru swali la nani aulizwe si jepesi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi ni ya ukoo (lukolo) na hurithiwa kwa upande huo. Dodoso linalomtafuta "mkuu wa kaya" na kudhani ni mwanamume linaweza kumpita mwenye shamba. Tena, mwenyekiti wa kijiji anaweza kumruhusu mtafiti kuingia kijijini, lakini hawezi kuridhia kwa niaba ya mwanakijiji.

Usiri

Majina ya washiriki hayaandikwi katika tasnifu, na madodoso hutunzwa mahali pasipofikiwa na wengine. Lakini kuondoa jina hakutoshi kila mara. Wanafunzi wa utawala na sheria, kama wale wa Mzumbe, huwahoji mara nyingi watumishi wa halmashauri. Tasnifu ikisema "ofisa wa kike wa manunuzi" katika ofisi yenye mwanamke mmoja wa kazi hiyo, kila mtu pale anamjua. Tangu mwaka 2023 Tanzania inatumia pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Haki katika faida na mzigo

Msingi huu unauliza nani anabeba taabu ya utafiti na nani anafaidi. Mfano unaojulikana ni wa maua ya Saintpaulia, yanayoota kiasili katika milima ya Tao la Mashariki, pamoja na Uluguru. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mimea hiyo Ulaya kutoka Usambara. Leo ni kati ya maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani, ilhali vijiji vya asili yake havikupata sehemu ya biashara hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unazitambua nchi kuwa na mamlaka juu ya rasilimali zao za kijenetiki, na unataka faida igawanywe kwa haki.

Usimamizi na vibali

Utafiti wa mwanafunzi hupita katika ngazi kadhaa.

Ndani ya chuo, msimamizi na idara hukagua pendekezo la utafiti: swali, njia, madodoso na fomu ya ridhaa. Kwa waraka wa serikali wa mwaka 1980 Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya umma walipewa uwezo wa kutoa kibali cha utafiti kwa walimu na wanafunzi wao. Watafiti kutoka nchi za nje huomba kibali COSTECH.

Utafiti wa afya ya binadamu huhitaji pia idhini ya kamati ya maadili. Kamati ya taifa iko chini ya NIMR. Taasisi kama ile ya Ifakara zina kamati zao. Jaribio la dawa au chanjo huhitaji zaidi ya hapo idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sampuli za binadamu hazipelekwi nje ya nchi bila mkataba maalumu unaosema zitatumika kwa kazi gani.

Msitu wa hifadhi wa Uluguru uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo anayetaka kukusanya mimea au wadudu humo huomba ruhusa huko.

Baada ya hapo barua hushuka: kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa wilaya na halmashauri, kwa Mtendaji wa Kata, hatimaye kwa Mtendaji wa Kijiji. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtafiti hufika nyumbani kwa mtu akiwa na barua yenye mihuri mingi, pengine akisindikizwa na kiongozi. Mwenyeji anaweza kuona kwamba kukataa ni kuikaidi serikali. Ndiyo sababu mtafiti anapaswa kusema wazi kwamba barua inampa yeye ruhusa ya kuuliza, haimlazimishi mwanakijiji kujibu, na inafaa kiongozi aondoke kabla mahojiano hayajaanza.

Mifano kutoka mkoa wa Morogoro

Chanjo ya malaria Idete

Katika kijiji cha Idete, bonde la Kilombero, chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilijaribiwa kwa watoto wa miaka 1 hadi 5 wapatao 586. Baadhi walipata chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo hiyo, bila wazazi wala wapimaji kujua nani kapata ipi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya takriban asilimia 31. Majaribio ya baadaye katika nchi nyingine hayakuthibitisha kinga hiyo, na chanjo haikuingia katika matumizi. Jaribio la namna hii humtaka mzazi aelewe jambo gumu: mtoto wake anaweza kuwa katika kundi lisilopata chanjo, na chanjo yenyewe inaweza isifanye kazi.

Kunasa mbu kwa kutumia mtu

Njia ya zamani ya kuhesabu mbu wanaouma ni mtu kukaa usiku miguu ikiwa wazi na kuwanyonya mbu kwa mrija wanapotua. Anayefanya kazi hiyo anajiweka katika hatari ya malaria. Kwa hiyo kamati za maadili hutaka apewe dawa za kinga, apimwe na atibiwe, na watafiti wamekuwa wakitafuta mitego inayoweza kuchukua nafasi ya mtu. Malipo yenyewe ni suala la maadili: yakiwa madogo ni unyonyaji, yakiwa makubwa sana humfanya maskini akubali hatari ambayo asingeikubali.

Panya buku

Shirika la APOPO, lenye makao SUA tangu mwaka 2000, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hao ni wepesi kiasi kwamba uzito wao haulipui bomu. Maarufu zaidi alikuwa Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kufanya kazi Kambodia; mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza, akastaafu mwaka 2021 na kufa mwaka 2022.

Kwa wanyama Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Watafiti hufuata pia kanuni tatu zilizotolewa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959: kutumia njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao.

Uadilifu wa kitaaluma

Maadili hayaishii kwa anayechunguzwa. Makosa makubwa ya mtafiti ni matatu: kubuni data, kubadilisha data ili ilingane na matarajio, na kuiba maandishi ya mwingine bila kumtaja. Mwanafunzi anayejaza madodoso mwenyewe chini ya mti badala ya kupanda hadi kijijini amefanya kosa la kwanza, hata kama hakuna aliyeumia papo hapo. Ushauri wa kilimo au wa afya unaojengwa juu ya takwimu hizo unaweza kumfikia mkulima miaka kadhaa baadaye.

Kurudisha matokeo

Lalamiko la kawaida la wanavijiji wanaohojiwa mara kwa mara ni kwamba watafiti huja, huuliza, huondoka na hawarudi. Tasnifu hubaki maktaba, mara nyingi kwa Kiingereza. Kurudisha matokeo kunaweza kuwa rahisi: muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ofisi ya kijiji, au maelezo mafupi katika mkutano wa kijiji. Mwenye shamba aliyepimwa udongo aambiwe udongo wake una nini. Aliyepimwa damu na kukutwa na ugonjwa aelekezwe kwenye matibabu mara moja, bila kungoja utafiti umalizike.

Tazama pia

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo
Chuo Kikuu Mzumbe
Milima ya Uluguru
Waluguru
Tume ya Sayansi na Teknolojia
Azimio la Helsinki