Sosholojia ya bibi, kabla ya Mlimani

Mnisamehe kwa ukimya, wiki mbili hizi zilikuwa za testi na asaimenti mfululizo. Leo Jumamosi hosteli imetulia, wenzangu wameenda Mwenge, nami nimeona niandike kitu kinachonikaa moyoni tangu leksha ya juzi.

Mhadhiri alituuliza nani alisoma sosholojia kabla ya kuja chuo. Ukumbi mzima kimya. Na kweli, sisi tuliopita HGK na HGL hatukuwa na somo la jina hilo. Tulikuwa na GS tu, ile ambayo wengi tuliidesa usiku wa kuamkia mtihani. Jamii tuliijua kwa pointi: faida tano, hasara tano, hitimisho, basi.

Sasa moja ya pointi zangu ilihusu kwetu kabisa. Mimi ni mtoto wa Kibiti. Desa lilisema hivi: Februari 1967 Azimio la Arusha, Septemba mwaka huo Mwalimu akatoa andiko lake la ujamaa vijijini. Mwaka 1968 Rufiji ikapata mafuriko makubwa, serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda nchi ya juu, kwenye vijiji vya ujamaa. Ndiyo Operesheni Rufiji, moja ya operesheni za mwanzo kabisa, miaka kadhaa kabla Mwalimu hajasema, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Matokeo: wananchi walipata shule, zahanati na maji. Nikaandika hivyohivyo, nikapewa maksi zangu.

Likizo nikaenda kumsalimia bibi, nikamsomea kwa mbwembwe. Yeye wakati wa kuhamishwa alikuwa msichana. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mjukuu wangu, hapo hakuna uongo. Shule tulipata, mama yako kasoma palepale. Ila hujaandika shamba lilibaki wapi."

Nikakosa jibu. Ndipo akanielekeza. Mto Rufiji ukifurika unaacha udongo mpya bondeni, mbolea ya bure. Mpunga unategemea maji hayo. Yakishuka, watu wanapanda mlau, yaani mahindi na kunde kwenye udongo ambao bado una unyevu. Kwa hiyo mafuriko kwa mtu wa Rufiji ni kama ndugu mkorofi: anavunja nyumba, lakini ndiye anayeleta chakula. Mafuriko yakizidi ni balaa, yasipokuja pia ni njaa.

Na shamba lile haliachwi peke yake. Kuna ndege, nyani, nguruwe pori. Ndiyo maana watu walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, familia inalala humohumo ikilinda. Walipohamishiwa juu, nyumba ikawa huku na shamba kule, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Ukichelewa, nguruwe kamaliza. Hivyo msimu ukifika wengi walifunga mlango wa nyumba ya kijijini wakarudi dunguni. Bibi anasema: "Juu kuna shule, chini kuna chakula. Mtoto utamweka wapi?"

Mwaka wa kwanza hapa tukafundishwa C. Wright Mills, kitabu chake cha 1959, kwamba kuna shida ya mtu binafsi na kuna suala la jamii, na kazi yetu ni kuona zinavyoungana. Wenzangu wakanukuu. Mimi nikaiona miguu ya bibi inayouma. Halafu maktaba nikakutana na kitabu cha Kjell Havnevik, cha 1993, kinachohusu Rufiji na maendeleo yanayoletwa kutoka juu. Jamani, nilijisikia aibu. Mtu katoka Norway kuja kuuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kumuuliza bibi yangu mwenyewe.

Tena chuo chetu kina historia ya kuuliza. Mwaka uleule wa 1968 wanafunzi wa hapahapa Mlimani walikusanya simulizi za wazee kuhusu Maji Maji, vita ambayo Kinjikitile wa Ngarambe, kulekule Rufiji, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905 ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Wazee waliandikwa kabla hawajaondoka. Waliohama bondeni nao sasa wanakwisha mmojammoja.

Sisemi kuhamisha watu ni kosa. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika tena, nyumba na mashamba yakamezwa, na watu wakaambiwa tena wahamie juu. Nikampigia bibi kwa wasiwasi. Akasema: "Kuhama tutahama, maji hayana mjadala. Wewe uliyesoma waulize tu, mpunga tutalima wapi?"

Miaka hamsini na kitu, swali ni lilelile. Wadau, likizo hii mkifika makwenu kaeni na wazee, na daftari liwe karibu. Tupo pamoja.