Rubani juu ya Nyika ya Taveta: Somo Lililopuuzwa la 1916

Maisha ya Kenneth van der Spuy husimuliwa kama ngazi ya kupanda tu. Alizaliwa 1892, akajifunza urubani Kimberley mwaka 1913, akarusha ndege katika koloni la Wajerumani la Kusini-Magharibi, kisha akaja Afrika Mashariki na Kikosi cha 26 cha ndege, kilichojaa vijana wenzake wa Afrika Kusini. Mwaka 1919 alitekwa na Wabolsheviki. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa meja jenerali. Simulizi hiyo huivuka upesi mno nyika iliyo kati ya Mbuyuni na Holili, ambako, kwa maoni yangu, mipaka ya kazi yake ilijidhihirisha mapema.

Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza, watu wapatao 6,000, yalikishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta, kilichoshikwa na Wajerumani. Ndege hazikukosekana: za wanamaji zilikuwa upande ule tangu 1915, na Kikosi cha 26 kilikuwa kimeshuka Mombasa tarehe 31 Januari. Hata hivyo wapelelezi walikadiria maadui kama 300, kumbe walizidi 1,000. Mahandaki ya kileleni yalikuwa ya kuhadaa. Yenye askari yalichimbwa chini, yakafichwa na vichaka. Brigedi ya Afrika Kusini ilirudi nyuma kwa fujo, ikaokolewa na Wabaluchi wa jeshi la India, ambao siku chache kabla ilikuwa ikiwabeza.

Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, akiyaongoza majeshi ya Uingereza, aliiteka Taveta, akapigania Latema na Reata, akaingia Moshi. Ndege zilimsaidia kupeleleza, lakini kilichowaondoa Wajerumani ni wapanda farasi wake chini ya van Deventer waliozunguka kupitia Chala, reli iliyosogezwa kutoka Voi, na migongo ya wapagazi.

Ni Smuts huyuhuyu aliyeandika, Agosti 1917, ripoti iliyozaa Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza mwaka 1918. Inavutia kudhani kwamba wazo hilo alilitoa Kilimanjaro. Sikubaliani. Ripoti ilisukumwa na mabomu ya Wajerumani yaliyoangukia London mwezi Juni na Julai mwaka ule, nayo ilitabiri kwamba ndege zingeweza kuamua vita zenyewe, zikiyaacha majeshi ya nchi kavu kuwa wasaidizi. Salaita ilikuwa imeonyesha kinyume chake: rubani hawezi kuwahesabu watu waliojificha chini ya migunga, na asipofanya kazi bega kwa bega na askari wa miguu hupeleka habari za uongo kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo kupanda cheo kwa van der Spuy si ushahidi kwamba ndege zilishinda hapa. Ushahidi bora ni Kikosi cha 26 chenyewe. Kilivunjwa 1918, kikaundwa upya, na katika Vita vya Pili kikarusha ndege za Lysander, kisha Tomahawk na Mustang, kikipeleleza na kupiga picha kwa niaba ya majeshi ya nchi kavu.