Daimyo: kabaila au mtawala wa jimbo?

Neno la Kijapani daimyo kwa asili lina maana ya "jina kubwa", yaani mtu mwenye mashamba mengi yaliyoandikwa kwa jina lake. Tafsiri inayokuja upesi ni kabaila, kwa kuwa mfumo wa watawala hao wa Japani tunauita ukabaila. Lakini tangu Azimio la Arusha la 1967 liutaje ukabaila sambamba na ubepari kama unyonyaji, kabaila kwetu ni mtu anayekaa kitako akila jasho la wakulima. Ni kweli daimyo aliishi kwa kodi ya mpunga wa wengine. Hata hivyo, katika enzi ya vita iliyoanza 1467 na kudumu zaidi ya karne nzima, daimyo aliyekaa kitako hakudumu. Mfano ni Takeda Shingen, daimyo wa jimbo la Kai, aliyeshika madaraka 1541 kwa kumfukuza baba yake mzazi. Mwaka 1547 alitunga sheria za jimbo, na kifungu kimoja kikaruhusu mtu wa daraja lolote alalamike iwapo Shingen mwenyewe angezivunja. Alijenga matuta ya kuzuia mafuriko ya mto Kamanashi, kwani shamba likisombwa na maji, askari hana chakula. Kati ya 1553 na 1564 alipambana mara tano na mpinzani wake Uesugi Kenshin huko Kawanakajima, na katika pambano la 1561 akampoteza mdogo wake, Nobushige. Alifariki 1573 akiwa bado katika kampeni ya vita, na kufikia 1582 ukoo wake ulikuwa umeangushwa. Huyu alikuwa mtunga sheria, mjenzi na amiri jeshi kwa pamoja, neno kabaila halimtoshi.

Wapo watakaopendekeza mtemi, wakimtaja Mirambo wa Unyamwezi, ambaye naye alijenga dola kwa vita. Hoja hiyo ina uzito, ila utemi ulifungamana na matambiko na mizimu ya ukoo, ilhali daimyo alisimama juu ya ardhi na viapo vya makabaila wadogo, huku kwa jina akiwa chini ya mfalme mkuu na shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Wengine watasema neno geni humwacha msomaji gizani. Sultani na waziri yalikuwa mageni pia, yakazoeleka kwa kutumiwa. Kwa hiyo tuandike daimyo, wingi madaimyo, na mara ya kwanza tufafanue: mtawala wa jimbo mwenye jeshi lake. Kabaila libaki kueleza uhusiano wake na mkulima, maana hapo halimwonei.