Uvuvi kwa chambo bandia

Uvuvi kwa chambo bandia ni uvuvi wa mshipi na ndoana unaotumia kitu kilichotengenezwa kwa mti, madini, manyoya au plastiki badala ya dagaa, kamba au minyoo. Hulenga samaki wawindaji: nguru, jodari, kolekole na sulisuli baharini, sangara na trauti kwenye maji baridi. Kwa kuwa kwa kawaida chambo hicho hakina harufu ya chakula, kazi hufanywa hasa na mwendo, mng'aro na mtetemo. Kikitulia kabisa, samaki wengi hukipita.

Historia

Karibu mwaka 200 BK, mwandishi Aelian wa Roma alieleza jinsi wavuvi wa Makedonia, kwenye mto Astraeus, walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuiga mdudu anayeliwa na samaki wa mto huo. Mdudu mwenyewe hakufaa, kwani akiguswa na mkono tu rangi yake hufifia na mbawa hunyauka. Nchini Marekani, Julio T. Buel alipata hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852.

Lauri Rapala

Mmoja wa watengenezaji mashuhuri wa chambo bandia ni Lauri Rapala (1905–1974), mvuvi maskini wa Ufini. Akipiga makasia kwenye Ziwa Päijänne, aliona kwamba samaki mkubwa akiingia katika kundi la vidagaa humchagua yule anayeyumba, aliyejeruhiwa au kuchoka. Mwaka 1936 alichonga kisamaki cha gome jepesi la mwaloni, lile la vizibo vya chupa, kwa kisu cha fundi viatu. Alikifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, kisha akakipaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Ulimi mdogo puani ulikifanya kiyumbe kila kilipovutwa. Baadaye alitumia mbao za balsa, na kila kisamaki kilijaribiwa majini kabla ya kuuzwa. Mwaka 1962 jarida la Life lilichapisha makala kumhusu katika toleo lenye picha ya Marilyn Monroe kwenye jalada, na maagizo yakafurika.

Aina

Vyambo vikuu ni kijiko cha bati kinachozunguka au kuyumba, nzi wa manyoya, kisamaki cha mti au plastiki, ngisi wa plastiki laini, na kipande kizito cha risasi au chuma.

Mbinu

Kutupa na kuvuta: chambo hurushwa mbali, kisha mshipi hukunjwa kwa kubadilisha kasi. Kusita kidogo na kuanza tena ndiko humshawishi samaki anayefuata nyuma bila kuuma.

Kukokota: chombo hutembea na mishipi nyuma. Kwa nguru na mzia huwekwa waya mbele ya ndoana, maana meno yao hukata nailoni mara moja.

Kushusha na kutingisha: risasi huzamishwa hadi karibu na sakafu ya bahari, kisha hupandishwa kwa mikupuo.

Nzi wa manyoya ni mwepesi mno, hivyo anaporushwa hubebwa na uzito wa mshipi wenyewe.

Afrika Mashariki

Wavuvi wa ngalawa wamezoea kukokota mshipi wenye manyoya au nyuzi za nailoni zinazometameta. Katika Ziwa Tanganyika, mgebuka huvuliwa usiku chini ya taa kwa mshipi wenye ndoana nyingi zilizofungwa manyoya. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, na huko nzi bandia ndiye chambo cha desturi. Malindi, Watamu na Shimoni ni vituo maarufu vya uvuvi wa kimchezo.

Umuhimu wa sasa

Chambo bandia humwezesha mvuvi kufanya kazi hata pale dagaa wanapoadimika. Samaki wengi hunasa mdomoni badala ya kumeza ndoana, na hivyo huweza kuachiliwa wakiwa wazima. Sulisuli wengi wa Kenya huwekwa alama na kurudishwa baharini. Plastiki zinazokatika na kubaki majini ni kasoro kubwa ya uvuvi huu.