Modeli ya dhana ya ikolojia

Modeli ya dhana ya ikolojia ni mchoro wa visanduku na mishale unaoonyesha visababishi vya mabadiliko ya mazingira, madhara yake na hatua za kuyarekebisha. Mahali panapofaa kuutumia ni Shungimbili, kisiwa kidogo kilichoko kaskazini-magharibi mwa Mafia, Tanzania, ambacho ni eneo tengefu la bahari. Mshale mmoja huanzia kwenye joto la maji, kama lile la mwaka 1998 lililopausha matumbawe ya Mafia. Mwingine huanzia kwenye uvuvi wa baruti, unaovunja miamba. Wa tatu huanzia ufukweni, kwenye mwanga wa taa unaowapotosha watoto wa kasa wanaoelekea baharini. Mchoro huo huonyesha kwamba msimamizi wa eneo hilo hawezi kuipoza bahari, ila anaweza kudhibiti baruti na taa.