Uzito wa Risasi: Mjadala wa Kijeshi Uliopita Bonde la Ufa

Mjadala kuhusu risasi inayomfaa askari wa kawaida, ambao majeshi ya dunia yameuendeleza kwa zaidi ya karne moja, umeigusa Kenya kwa karibu kuliko inavyodhaniwa, hata na wakazi wa Rhonda na Kaptembwa ambao upande wa pili wa jiji lao la Nakuru, huko Lanet, ndiko maafisa wa jeshi hufunzwa. Kiini chake ni kichwa cha risasi, yaani kipande cha madini kinachotoka mtutuni huku ganda lililobeba baruti likibaki nyuma: kikipita mwilini bila kuyumba hutoboa tundu jembamba, ilhali kikipinduka au kuvunjika humo ndani huacha jeraha kubwa.

Waingereza walilitambua hilo kupitia risasi ya .303, ambayo kaliba yake, yaani upana wa tundu la mtutu, ni milimita 7.7. Toleo lake la awali, lenye kichwa butu cha gramu 14, lililalamikiwa katika vita vya Chitral, mpakani mwa India ya kikoloni, mwaka 1895 kwamba aliyepigwa aliendelea kusonga mbele. Kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta kilijibu kwa kichwa kilichoachwa wazi nchani ili kitanuke mwilini, na Azimio la The Hague la Julai 1899 likapiga marufuku vichwa vya namna hiyo. Mwaka 1910 likaja toleo la Mark VII, la gramu 11.3 na ncha kali, lililojazwa alumini nyepesi mbele na madini mazito nyuma, hata likawa linapinduka mara linapoingia mwilini. Andiko la sheria lilifuatwa, lakini majeruhi hakupata nafuu yoyote.

Bunduki za .303 ndizo zilizotumika kuwasaka Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wengi walitegemea bunduki walizojitengenezea kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya baiskeli, na kwao kila risasi ilikuwa mali, kwa kuwa kupatikana nayo kulikuwa kosa la kunyongwa. Kiongozi wao Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956, alihukumiwa kwa bastola moja na risasi sita, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Katika miaka hiyohiyo askari wa Uingereza walikuwa wakijaribu nchini Kenya bunduki mpya ya FAL, ya kaliba ya milimita 7.62.

Kaliba hiyo ilikubaliwa na NATO mwaka 1954 kwa shinikizo la Marekani, licha ya Waingereza kutaka risasi ndogo zaidi ya milimita 7, na ndiyo ya bunduki ya G3 ambayo Jeshi la Kenya limeitumia kwa miongo mingi. Wamarekani wenyewe waliiacha katika miaka ya 1960 wakachukua ya milimita 5.56, ambayo nzima ina takriban gramu 12 dhidi ya 24, kwa hiyo askari hubeba maradufu kwa uzito uleule. Kichwa chake cha gramu 3.6 huvunjika mwilini kwa sababu ya kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde, ila kasi ikipungua, kwa umbali au kwa mtutu mfupi, huweza kupita bila kuvunjika. Mjini Mogadishu, Oktoba 1993, baadhi ya makomando wa Marekani walilalamika kwamba toleo lililofuata, lenye kiini cha chuma nchani, liliwatoboa wapinzani bila kuwaangusha. Marekani ilibadili kichwa hicho mwaka 2010, na mwaka 2022 ikachagua bunduki ya milimita 6.8.

Malalamiko hayo yana msingi, lakini hayatoshi kueleza silaha ya wezi wa mifugo wa Baringo na Turkana, ambayo mara nyingi ni bunduki ya AK. Risasi ya AK, ingawa nayo huitwa 7.62, ina ganda la milimita 39 na si 51, haiingii katika G3, na nguvu yake ni kama theluthi mbili tu ya risasi ya G3. Imeenea kwa sababu inapatikana. Kwa hiyo swali zito zaidi kwa Bonde la Ufa ni risasi inatoka wapi. Kiwanda cha serikali cha Eldoret, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa utaalamu wa Ubelgiji, hutengeneza risasi hapa nchini, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya risasi haramu za Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi wa Kenya. Wabunge wanaoidhinisha fedha za risasi za polisi wana wajibu wa kudai hesabu ya kila sanduku linalotolewa ghalani, pamoja na jina la aliyelipokea.