Tarehe ya Uongo: Macintosh ya Wandegeya kama Hati ya Historia

Wanafunzi wa historia tumezoea kudhani kwamba hati ni karatasi: barua, daftari, gazeti, hukumu ya mahakama. Katika insha hii nadai kwamba kompyuta kuukuu nayo ni hati, na kwamba kuifufua ni sehemu ya kazi ya mwanahistoria. Mfano wangu ni Macintosh Classic moja iliyokuwa stoo katika duka la kupiga chapa na fotokopi hapa Wandegeya. Mimi na fundi mmoja wa redio tuliishughulikia kwa majuma sita.

Kwanza, mazingira. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo. Idadi yao ilipoongezeka, kazi za kuchapwa nazo ziliongezeka, na Wandegeya, iliyo mlangoni pa chuo, ikapata riziki. Wakati huo kompyuta zilikuwa zinaanza kusukumana na taipureta. Macintosh ya kwanza ilitoka Marekani Januari 1984. Mwaka 1985 printa ya LaserWriter na programu ya PageMaker zilimwezesha mtu mmoja mezani kwake kupanga kurasa ambazo awali zilihitaji mafundi wa kiwanda cha chapa. Classic ilifuata Oktoba 1990 kama mashine ya bei nafuu.

Mama mwenye duka alitueleza kwamba marehemu mumewe aliinunua ikiwa imeshatumika. Aliitumia kuchapa kadi za harusi na matangazo. Alikuwa pia katibu wa chama cha kuzikana, aina ya vyama ambavyo Waganda huviita munno mukabi. Daftari la chama liliharibiwa na mvua, ikabaki nakala aliyoichapa kwenye kompyuta. Hilo si jambo dogo. Miaka ya tisini Ukimwi uliua wazazi wengi, na watoto wakalelewa na bibi zao. Mwanachama mmoja wa sasa analijua kaburi la babake lakini hajui mwaka aliozikwa. “Mwanangu,” mama aliniambia, “mkiweza, mtafutieni huyo kwanza.”

Tulipoiwasha, skrini ilijaa miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Dalili hii inajulikana kwa Classic: kapasita ndogo za mothabodi zimevujisha maji yake, na maji hayo yanapitisha umeme pasipotakiwa na kula njia za shaba. Fundi alisubiri umeme mkali wa kioo cha skrini uishe, akaondoa mothabodi, akaisugua kwa spiriti safi na mswaki, kisha akachomelea kapasita mpya. Betri ya volti 3.6 ilikuwa imekufa siku nyingi. Tuliitoa isije ikavuja pia.

Mara ya pili ilitokea picha ya disketi yenye alama ya kuuliza. Maana yake mashine ni nzima, lakini haipati mfumo wa kuanzia. Diski yake ya ndani haikuzunguka kabisa. Hapa Classic ina siri yake: ukiiwasha huku umeshikilia vitufe vya Command, Option, X na O, inaanza kwa mfumo uliohifadhiwa katika kumbukumbu ya kudumu ya mothabodi. Ikaamka. Tulikuwa na disketi kumi na moja za marehemu. Saba zilisomeka, na mojawapo ilikuwa na programu ya MacWrite iliyofungua mafaili ya chama.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusitumie programu za leo zinazoiga Macintosh, kama Mini vMac? Tulizitumia baadaye, kwa nakala. Lakini disketi za zamani za kilobaiti 400 na 800 ziliandikwa kwa kubadilisha kasi ya mzunguko, na visoma disketi vya kawaida haviziwezi. Bila mashine yenyewe, tusingepata cha kuiga.

Ugumu wa kihistoria ulianza hapo. Mafaili yote yalionyesha kwamba yaliandikwa mwaka 1904. Saa ya Macintosh huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1904, na betri ikifa, hesabu inaanza upya kila mashine inapowashwa. Katibu naye aliandika siku na mwezi tu, bila mwaka, kwa kuwa kila mwanachama aliujua.

Kwa hiyo tulirudi kwenye mbinu tulizofundishwa darasani: kuihoji hati kwa yaliyomo. Faili moja lenye namba ya simu ya mkononi inayoanza na 077 haliwezi kutangulia 1998, mwaka MTN ilipoanza kazi Uganda. Faili lingine lilisema mkutano wa Machi umeahirishwa kwa ajili ya kura ya wajumbe wa Bunge la Katiba. Kura hiyo ilipigwa 28 Machi 1994. Katika faili hilohilo, chini yake, kuna mchango wa mazishi ya tarehe 16 Aprili, na jina la marehemu ni la baba tuliyeombwa kumtafuta. Tulimuuliza mama bila kumtajia mwaka. Alikumbuka kwamba mazishi hayo yalifuata kura ile kwa majuma machache. Ushahidi wa aina mbili ulipokubaliana, ndipo tuliandika 1994.

Nakala tulikabidhi chama chenyewe, kwa sababu majina yale ni ya watu wao. Ninachotoa hapa ni hoja tu: tarehe ambayo mashine inaitoa kwa uhakika inastahili kutiliwa shaka sawa na tarehe ya karani yeyote. Na wakati unatubana. Kapasita zinaendelea kuvuja katika stoo nyingi za mji huu, na wanunuzi wa skrepa hupita kila wiki.